Sura ya Saba: Anayelipa Mfadhili Akiondoka

Katika bajeti ya shirika linaloishi kwa ruzuku kuna kasma zenye watetezi na kasma zisizo na mtu wa kuzisemea. Madawati yana mtetezi, vyandarua vina mtetezi, miche ya miti ina mtetezi, kwa sababu mjumbe wa bodi anaweza kuvihesabu na mkaguzi anaweza kuvishika. Lakini nauli ya kumpeleka mfadhili kijijini, mshahara wa ofisa ambaye kazi yake ni kuwasiliana na wafadhili, gharama ya kuchapa taarifa iliyoandikwa vizuri na kuipeleka kwa wakati, hivyo vyote hukatwa mara tu bajeti inapobana, na anayekata hujiona ametenda haki. Hoja yake inasikika vyema masikioni: fedha zilitafutwa kwa jina la wanakijiji, basi kwa nini ziwanunulie chai watu walioshiba? Swali hilo ni halali na halijibiwi kwa kununa. Jibu la sura hii ni kwamba gharama ya kukaa karibu na mfadhili mkubwa ni sehemu ya gharama ya mradi wenyewe, kwa kuwa mfadhili akiondoka kabla kazi haijakomaa, hasara haibaki ofisini Dar es Salaam. Huteremka hadi kijijini. Jibu hilo linaweka na mpaka pia, maana si kila shilingi inayoitwa ya uhusiano inastahili kutetewa.

Tuanze na Milola, mkoani Lindi, kwa sababu hapo jambo hili linaonekana bila pazia. Aprili 2008 Norway iliahidi kuipa Tanzania kroni milioni 500 kwa miaka mitano ili kujaribu mpango wa kuwalipa wananchi wanaotunza misitu na hivyo kupunguza hewa ukaa, mpango uliojulikana kote kwa jina la MKUHUMI. Sehemu ya fedha hizo ilipitia mashirika yaliyoendesha miradi ya majaribio. Mmojawapo ulikuwa wa Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, TFCG, lililoanzishwa 1985, pamoja na mtandao wa vijiji wa MJUMITA; uliendeshwa kuanzia 2009 hadi 2014 katika maeneo mawili: Kilosa mkoani Morogoro, na vijiji vya Lindi kikiwamo Milola Magharibi. Vijiji vilipima mipaka, vikapanga matumizi bora ya ardhi, vikatenga misitu ya hifadhi kama Sheria ya Misitu ya 2002 inavyoruhusu, na vikalipwa malipo ya majaribio ambayo wanakijiji waliyapokea mkononi baada ya kuyajadili kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Ilikuwa kazi ya maana. Hata hivyo, ulikuwa mradi wa majaribio wenye tarehe ya mwisho iliyojulikana tangu mwanzo, na soko la kaboni lililotarajiwa kushika nafasi ya mfadhili halikuwa limekomaa tarehe hiyo ilipofika.

Nani basi alibaki na deni? Mfadhili alitimiza ahadi yake na shirika lilifunga hesabu zake. Kijiji ndicho kilichobaki na msitu uliotengwa, yaani ardhi ambayo haifyekwi tena kwa shamba la ufuta, katika mkoa ambao ufuta ni fedha ya haraka na kilimo cha kuhamahama ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya kupotea kwa misitu. Doria ya kamati ya maliasili haikomi kwa sababu ruzuku imekoma. Vibao vya mipaka vinaoza, mpango wa usimamizi unapitwa na wakati na kuhitaji kuandikwa upya, na kijana aliyeambiwa kwamba msitu utalipa anauliza utalipa lini. Haya hayaandikwi popote katika hesabu za shirika kama hasara, na ndiyo maana bodi inapokata kasma ya uhusiano huamini imeokoa fedha. Imehamisha gharama tu, kutoka kwenye daftari linalokaguliwa kwenda kwenye maisha ya watu ambao hawana safu katika daftari hilo.

Linganisha na nusu ya pili ya mradi huo huo. Kule Kilosa, Uswisi ilikuwa imeingia tangu 2012 kwa kufadhili mradi wa mkaa endelevu, ambao TFCG na MJUMITA walishiriki kuuendesha. Mfadhili wa pili alikuwa amekwisha kuijua sehemu hiyo miaka miwili kabla wa kwanza hajamaliza muda wake. Upande wa Lindi haukuwamo katika mradi huo. Yapo mambo mengi yaliyotofautisha maeneo hayo mawili, likiwamo soko kubwa la mkaa lililo jirani na Morogoro, na haitakuwa haki kusema kwamba uhusiano peke yake ndio ulioamua. Ninachosema ni kwamba tofauti kati ya kijiji kinachovuka mwisho wa ruzuku na kijiji kinachoachwa njiani mara nyingi ni kuwapo kwa mtu wa pili ambaye tayari anajua jina la msitu, na mtu huyo hapatikani katika miezi mitatu ya mwisho ya mradi. Hutafutwa mradi ungali na uhai, kwa fedha ambayo mradi wenyewe ungeweza kuitumia kwa kitu kingine.

Hapa tunafika kwenye kiini cha hoja, nacho ni kwamba saa ya ruzuku na saa ya kazi hazilingani. Ruzuku nyingi hudumu miaka mitatu hadi mitano. Mpingo, mti ulioipa Kilwa na Lindi sifa duniani kwa zumari na klarineti zinazotengenezwa kwake, huhitaji miongo mingi kufikia ukubwa wa kuvunwa. Kazi iliyokuja kuzaa shirika la MCDI la Kilwa ilianza katikati ya miaka ya 1990 kama utafiti wa wanafunzi wa Cambridge juu ya mti huo; cheti cha kimataifa cha FSC, kilichoviwezesha vijiji vya Kilwa kuuza mbao zenye uthibitisho, kilipatikana 2009. Ni zaidi ya miaka kumi kati ya kipimo cha kwanza na cheti. Msitu wa Angai kule Liwale, wenye takriban hekta 140,000, ulianza kushughulikiwa na vijiji vyake katika miaka ya 1990 kwa msaada wa mpango wa RIPS wa Finland, nao pia ulihitaji zaidi ya muongo mmoja kabla ya vijiji kuwa na haki kamili mkononi. Hakuna andiko la mradi la miaka mitatu ambalo lingefikisha mojawapo ya kazi hizo mwisho. Zilifika kwa sababu kulikuwa na watu waliorudi tena na tena kwa wafadhili, wakaeleza kwa nini bado, na wakaaminiwa.

Finland ni mfano wa kutazamwa kwa makini. Ilianza kazi za maji Lindi na Mtwara katika miaka ya 1970. RIPS ikafuata kuanzia 1988 hadi 2005. Baadaye ukaja mradi wa kilimo biashara wa LIMAS, na 2018 mradi wa misitu na mnyororo wa thamani, FORVAC, ulioingia Liwale, Nachingwea na Ruangwa. Kwa muda mwingi wa miongo hiyo kufika kusini kulikuwa taabu: kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na masika yalikuwa yakiitenga Lindi na sehemu nyingine ya nchi kwa majuma. Kila ugeni uliofikishwa huku ulikuwa na gharama ya mafuta, ya siku njiani na ya watumishi walioacha meza zao. Mhasibu wa wakati ule angeweza kabisa kuuliza kwa nini wageni wasisomewe taarifa Dar es Salaam. Lakini nchi ya mbali iliyokaa na mikoa miwili ya pembezoni kwa nusu karne, ikipita katika mabadiliko ya serikali na ya mitindo ya misaada, haikukaa kwa nguvu ya taarifa za kurasa arobaini. Ilikaa kwa sababu ndani ya taasisi zake walikuwapo watu walioijua Lindi kwa macho.

Historia ya ukanda huu ina ushahidi wa zamani zaidi. Misheni ya UMCA, iliyofika Masasi mwaka 1876, haikuwa na serikali nyuma yake ya kuilisha. Iliishi kwa michango ya waumini wa Uingereza ambao wengi wao hawangeiona Afrika maishani, na tangu 1883 iliwachapia jarida la kila mwezi lililoendelea kwa miaka kama themanini. Wabenediktini, waliojenga Ndanda kuanzia 1906 na ambao masista wao walianzisha hospitali ya Nyangao, nao waliwaandikia wafadhili wao Ujerumani kwa majarida yao wenyewe, mwaka baada ya mwaka. Mtu angeweza kusema kwamba karatasi na stempu zile zilikuwa dawa iliyonyimwa wagonjwa. Ukweli ni kwamba bila karatasi zile dawa ingekwisha mapema zaidi. Walielewa jambo ambalo mashirika ya leo hulisahau: aliyetoa mara moja amefungua mlango, na mlango huo hujifunga wenyewe usipopitiwa.

Takwimu za taaluma ya uchangishaji zinaelekea huko huko. Nchini Marekani, ambako hesabu hizi hufuatiliwa kwa karibu, chini ya nusu ya waliotoa mwaka mmoja hutoa tena mwaka unaofuata kwa shirika lile lile, na kwa wanaotoa kwa mara ya kwanza hali ni mbaya zaidi. Makadirio yaliyoenezwa na mtaalamu James Greenfield yanaonyesha kwamba kumtafuta mtoaji mpya kwa barua kunaweza kula dola nzima au zaidi kwa kila dola inayopatikana, hafla hula kama senti 50, ilhali michango mikubwa inayotokana na uhusiano wa muda mrefu hula kati ya senti 5 na 10. Hesabu ya kawaida inatosha kuonyesha maana yake. Shirika lenye wafadhili 100 linalobakiza nusu kila mwaka litakuwa na 12 au 13 baada ya miaka mitatu; likibakiza saba katika kila kumi, litakuwa na 34. Au tuchukue mfano wa kubuni ulio karibu na ukubwa wa mashirika yetu: mfadhili anatoa shilingi milioni 300 kwa mwaka, na shirika linatumia milioni 15 kumtembeza, kumwandikia na kumsikiliza. Ili milioni 15 hizo zijirudishe, inatosha uwezekano wa mfadhili kuendelea uongezeke kwa pointi 5 tu katika 100. Ukiongezeka kutoka 50 hadi 70, mapato ya ziada yanayotarajiwa ni milioni 60 kwa mwaka.

Msomaji makini atakuwa ameshaona udhaifu wa hesabu hiyo, nao ndio pingamizi zito kuliko yote. Milioni 300 zile hazikuota. Kama Milola imezipata kwa sababu shirika lake lilimtembeza mfadhili vizuri, huenda wilaya ya Tunduru imezikosa kwa sababu shirika la huko halikuwa na gari. Mashirika yote yakiongeza bajeti ya kuwatongoza wafadhili wale wale, jumla ya fedha haikui. Kinachokua ni gharama ya kuzigombania, na wanaonufaika ni wenye hoteli. Hoja hii ni ya kweli, na utetezi wowote wa gharama za uhusiano usioikabili ni porojo. Inatulazimisha kutenganisha matumizi ya aina mbili ambayo kwenye vitabu vya hesabu huvaa jina moja. Ya kwanza ni ya kumvuta mfadhili kutoka kwa mwingine: hafla, zawadi, video ya kupendeza, kuonekana kwenye kongamano. Ya pili ni ya kuibadili fedha yenyewe ili ifanye kazi zaidi ya ile ambayo ingefanya kwa mgeni asiyejua kitu. Ya kwanza ni vigumu kuitetea mbele ya mwanakijiji. Ya pili ndiyo ninayoitetea.

Ni kwa vipi fedha ile ile hubadilika? Kwanza, huongezeka umri. Mfadhili aliyeona hatua za msitu wa kijiji kwa macho yake anaweza kukubali mkataba wa miaka saba badala ya miwili, na kila mkataba mrefu huondoa gharama ya maandiko mapya, ya watumishi wanaoondoka kila ruzuku ikikaribia kwisha, na ya kijiji kusubiri. Pili, hulegea masharti. Mwaka 2009 Ann Goggins Gregory na Don Howard walieleza katika jarida la Stanford Social Innovation Review jinsi wafadhili wanavyodai gharama ndogo za uendeshaji zisizo za kweli, mashirika yakakubali kwa woga na kuficha gharama halisi, na wafadhili wakazidi kuamini kwamba kazi inafanyika kwa bei hiyo. Huo ni mzunguko unaolidhoofisha shirika hadi linakosa hata mhasibu mzuri. Mzunguko huo hauvunjwi kwa waraka. Huvunjwa na mfadhili anayelijua shirika vya kutosha kuamini bei ya kweli anapotajiwa. Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote, uhusiano hununua ukweli. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya kusini pale Somanga, shirika lenye mfadhili wa mbali lingekuwa na hofu ya kusema shughuli zimesimama. Lenye mfadhili wa karibu lingepiga simu na kuomba ratiba isogezwe. Mradi ambao habari mbaya hufika mapema hurekebishika. Ule ambao habari mbaya husubiri taarifa ya mwisho huwa umeshaharibika.

Faida hizi tatu hazimnyang'anyi mtu mwingine. Tunduru haipotezi kitu Milola ikipewa mkataba mrefu zaidi na ulio wa kweli zaidi. Hata hupata, kwa kuwa mfadhili aliyejifunza mahali pamoja gharama halisi ya doria ya msitu hataudai uongo mahali pengine. Kwa maana hiyo uhusiano unafanana na salfa ya mkorosho: haizai korosho, wala huwezi kuipeleka mnadani, lakini mkulima wa Lindi anayeiacha msimu huu ili kuokoa fedha hahitaji kuhubiriwa anapofika kwenye mzani.

Pingamizi la pili limepata nguvu mpya. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Mashirika ya Afrika Mashariki yaliyokuwa na uhusiano wa miaka mingi na maofisa wake, yaliyohudhuria kila kikao na kuandika kila taarifa, yalipokea barua zile zile walizopokea wengine. Ukaribu ulisaidia nini? Kwa mkataba ule, haukusaidia kitu, na ni vyema kukiri kwamba hakuna chai inayoweza kuzuia uamuzi wa siasa ya nchi nyingine. Lakini funzo la tukio lile ni dhidi ya kumtegemea mmoja, wala si dhidi ya uhusiano wenyewe. Uhusiano na ofisi ni uhusiano na kiti, na kiti hubadilishwa mkaaji. Kwa hiyo sehemu ya kasma hii lazima itumike kutafuta wafadhili wa aina tofauti ambao siasa moja haiwezi kuwaondoa siku moja: mfuko binafsi, kanisa, wazaliwa wa Lindi waliofanikiwa mijini, chama cha ushirika cha korosho, kampuni ya gesi. Mfadhili wa hapa nyumbani hana haja ya viza wala tafsiri, na mara nyingi hajaombwa kwa utaratibu kwa sababu mashirika yamezoea kutazama baharini.

Wapo wanaomtaja MacKenzie Scott, mfadhili wa Marekani ambaye tangu 2020 amegawa mabilioni ya dola kwa mashirika mengi, mara nyingi bila andiko na bila masharti, baadhi yake yakiwa hayakujua kwamba yanachunguzwa. Kama tajiri huyo hatoi kwa kubembelezwa, kwa nini tulipe mabembelezi? Jibu ni kwamba utafiti ulifanyika, ila gharama yake aliibeba mtoaji. Waliochunguzwa kimya kimya walipimwa kwa hesabu zao na kwa sifa waliyojijengea kwa watu wanaowajua, yaani kwa uhusiano uliokwisha kulipiwa zamani. Isitoshe, hakuna bodi inayoweza kupanga bajeti ya doria ya msitu kwa kutegemea bahati ya kuonekana kutoka ng'ambo.

Pingamizi la mwisho ni la hatari, nalo linataka ulinzi kuliko jibu. Urafiki na mwenye fedha hupofusha pande zote mbili. Norway yenyewe iliwahi kufadhili mpango wa usimamizi wa maliasili serikalini kuanzia 1994 hadi 2006, na ukaguzi uliofuata ulikuta matumizi yasiyo na vielelezo vya kutosha. Miaka mingi ya uhusiano mwema haikuyazuia. Kwa upande mwingine, shirika linalomzoea mfadhili huanza kuona kwa macho yake, likamletea picha ya kijiji anayoipenda, kama majarida ya misheni yalivyozoea kumchora Mwafrika kwa namna ya kufungua pochi za Waingereza. Ndiyo maana kasma hii haipaswi kupitishwa bila masharti, na yale yanayofuata kutoka kwenye hoja nzima ni manne. Iwe na kiwango cha juu kilichotangazwa, sehemu ya senti 5 hadi 10 kwa kila dola kama michango mikubwa inavyostahili, na iandikwe kwa jina lake badala ya kufichwa chini ya semina. Iende zaidi kijijini kuliko hotelini, mwenyekiti wa kamati ya maliasili akae mezani na aseme bila shirika kumtafsiria maneno. Ukaguzi wa nje uendelee kana kwamba hakuna anayemjua mwenzake. Na ipimwe kwa matokeo matatu tuliyoyataja: mikataba imerefuka, masharti yamelegea, habari mbaya zinafika mapema. Ikipita miaka mitatu bila hata moja kuonekana, bodi iikate bila huruma.

Kwa masharti hayo, mjumbe wa bodi anayeuliza kwa nini fedha ya wanakijiji imlipie mgeni nauli ya kufika Milola anaweza kujibiwa kwa swali linalotoka upande wa kijiji: kama fedha hiyo haitumiki, ni nani mwingine amepangiwa kulipia doria mwaka baada ya ruzuku kwisha? Kama bajeti ina jibu, kasma ya uhusiano inaweza kusubiri. Kama haina, basi uamuzi wa kuikata umekwisha kumchagua mlipaji, na mlipaji huyo hakuitwa kikaoni.